Kutoka Dunga mpaka Lamu kwa tanga: venye unaweza kusafiri pwani na mashua ndogo, na venye utaishi ukirudi

Watu wengi hapa Kisumu wananiuliza haya maneno, hasa vijana wa Dunga na Usoma wenye wamekulia kwa maji, sasa nimeamua niandike yote mahali pamoja, kuanzia siku ya kwanza ya kujifunza mpaka ile asubuhi umerudi nyumbani umekaa kwa kiti na hujui ufanye nini na mikono yako. Hio sehemu ya mwisho hakuna mtu aliniambia mimi, na ilinisumbua kuliko mawimbi yote ya kutoka Shimoni, kule kusini karibu na Tanzania, kufika Lamu, kwa hivo tafadhali usiiruke.

Ndio maana naanza na kurudi. Kabla hujanunua hata kamba, kaa chini na kalamu ugawe pesa yako mafungu matatu, moja ya mashua na vifaa, moja ya safari yenyewe, na la tatu usiliguse kabisa, liache kwa chama ama kwa mtu mwenye hawezi kukuhurumia ukimpigia simu kutoka Lamu unaomba. Hilo la tatu liwe linaweza kulisha nyumba yako miezi mitatu bila wewe kupata kazi. Mimi nlikuwa nafanya stoo kwa duka moja la vifaa vya ujenzi, nikaongea na mwenyewe vizuri, akaniambia nafasi yangu itakuepo, niliporudi Januari kulikuwa na mtu mwingine kwa ile meza na sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha tuliongea. Kama unaacha kazi andikishaneni, hata kama mnapendana namna gani.

Na nyumbani uongee mapema. Mama yangu hakunikataza, aliniuliza swali moja tu, utakuwa unanipigia saa ngapi. Tukakubaliana saa moja jioni kila siku nikiwa nimetia nanga, na jioni mbili zikipita bila simu apigie mwenyekiti wa BMU (Beach Management Unit, ile kamati ya wavuvi wa ufuo) ya mahali nlisema nalenga, nambari zote nlikuwa nimemwandikia kwa daftari kituo baada ya kituo. Fanya hivo hivo. Mtu wa nchi kavu mwenye anajua unatoka wapi unaenda wapi na unafaa kufika lini ni kifaa cha uokoaji kama vingine tu, tofauti ni kwamba hiki hakikuli pesa.

Sasa kujifunza. Anza hapa hapa ziwani. Ghuba ya Winam, hii yetu ya Kisumu, iko na zawadi kubwa kwa mtu anajifunza tanga, upepo wake una ratiba. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji kwa hivo alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, alafu jua likishachoma ardhi, saa sita saba hivi mchana, unageuka unatoka ziwani unakuja mjini, na wavuvi wetu wa tanga wametoka na ule wa asubuhi na kurudi na huu wa mchana tangu enzi za babu zetu. Tafuta mzee wa yie, mashua yetu ya Kijaluo, mwenye bado anatumia tanga, umlipe, utoke naye wiki sita mfululizo, usiende siku mbili useme umejua. Jifunze kushika usukani ukiwa umefunga macho dakika tano uhisi upepo kwa sikio na kwa shingo. Jifunze kufua maji, yaani kuyatoa ndani ya mashua, bila kusimama. Pindua mashua kwa makusudi mahali maji yako kifuani na watu watatu wako karibu, alafu mjifunze kuigeuza tena, kwa sababu mashua ikipinduka kazi yako ni kubaki nayo, ya mbao inaelea hata ikijaa maji, watu wengi wanapotea wakijaribu kuogelea kwenda nchi kavu yenye inaonekana karibu. Na jioni ukiona mawingu meusi yanajipanga upande wa Nandi rudi, usimalizie kitu.

Jambo moja la ziwa lenye watu hawapendi kusikia: konokono wa kando ya maji wanabeba kichocho, na wewe utakuwa umelowa wiki sita. Maliza mafunzo, ungoja miezi miwili hivi, alafu uende ukapimwe, dawa yake ni praziquantel na kituo cha afya watakupa kulingana na uzito wako. Usingoje mpaka uone damu.

Ukishakuwa sawa ziwani usidhani umejua bahari. Nlifika Shimoni nikijiona mtu wa maji, nikamwamkia nahodha mmoja mzee shikamoo, nikamweleza mimi ni wa Kisumu nimelelewa kwa mashua, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Marahaba mwanangu. Lakini maji ya kwenu hayapwi. Ya hapa yanapwa." Alafu akanionyesha mashua zimelala ubavu kwa mchanga, mahali jioni yake kulikuwa na maji ya kunifunika kichwa. Huyo mzee nlimlipa anipeleke kipande cha kwanza mpaka Gazi, na hio ndio pesa nzuri zaidi nlitumia safari nzima. Nawe ufanye hivo, usitoke siku ya kwanza peke yako eti una simu yenye ramani.

Pia utabadilisha maneno, pwani kila kitu kwa chombo kina jina na ukiambiwa utende haraka hakuna wakati wa kuuliza. Tanga unalijua. Foromali ni ule mti mrefu tanga linafungwa kwake, unapandishwa kwa mlingoti. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Mkuku ni ule mti wa chini wenye umebeba chombo chote. Demani ni kamba ya kuvuta na kulegeza tanga na pia ni upande upepo unaelekea, joshi ni upande upepo unatoka. Ukisikia kubisha ni kwenda kinyume na upepo kwa kukata huku na huku, na kwa tanga la pembetatu la kwetu hio ni kazi kweli kweli kwa sababu kila ukigeuka lazima foromali izungushwe mbele ya mlingoti ihamie upande ule mwingine, watu wawili wamechoka na wimbi linarusha omo, unaweza kupoteza tanga ama mtu. Ndio maana watu wa pwani hawabishani na upepo, wanasubiri ugeuke.

Na unageuka kwa majira. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi hivi, inatoka kaskazini mashariki. Masika ya Aprili na Mei ni mvua na upepo hauna msimamo. Kusi inatoka kusini, inashika Mei mpaka Oktoba, na Juni mpaka Agosti iko na nguvu sana, mashua ndogo haina biashara nje ya mwamba, ule ukuta wa matumbawe wenye unakimbia sambamba na ufuo, miezi hio. Katikati, Novemba hivi, wanaita tanga mbili, upepo unatoka huku na huku. Huu mpango ndio ulimpeleka Vasco da Gama India, alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani mwenye anajua njia, upepo wa majira ukamvusha mpaka Calicut kwa siku kama 23, kurudi alirudi wakati mbaya na hio bahari hio hio ikamla miezi mitatu na watu wengi wakafa.

Kwa mashua ndogo ushauri wangu ni huu, na nimeufikiria sana: panda kaskazini na mkia wa kusi, kati ya katikati ya Septemba na mwisho wa Oktoba, upepo uko nyuma yako na umepungua makali, na mkondo wa bahari kwa pwani yetu pia unaenda kaskazini kwa hivo unasukumwa mara mbili. Ukifika Lamu tulia. Tafuta kazi. Mimi nlikaa Matondoni, kile kijiji cha mafundi wa vyombo, nikishika taa, nikichambua pamba ya kalfati, ile kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao, nikiulizia kila kitu. Kaskazi ikishakaa sawa mwisho wa Desemba unateremka nayo. Hapo ujue kutoka Malindi kushuka mkondo unaweza kuwa unakupinga hata kama upepo unakusaidia, kwa hivo usipige hesabu ya muda kwa ile kasi ya kupanda.

Mashua gani? Ngalawa ni nyepesi na yale matengo yake mawili, mbao za pembeni zenye zinaelea, yanaizuia isipinduke, lakini haibebi mizigo na utalowa kutoka asubuhi mpaka jioni. Mimi nilichagua mashua ya futi 20 yenye tezi iliyokatwa bapa, ya kukaa injini ndogo ya nje, kwa sababu kuna mahali upepo utakufa ukiwa umeangaliana na mwamba na hapo tanga si kitu. Iangalie maji yakiwa yamepwa, iko juu ya mchanga, utambae chini yake. Choma choma mbao na ncha ya kisu kando ya mkuku, kisu kikiingia kama kwa mkate achana nayo. Angalia vitobo vidogo vya duara, kuna wadudu wa maji chumvi wanakula mbao kutoka ndani na nje unaona tundu kama la sindano tu. Misumari ikiwa inatoa machozi ya kutu, hesabu gharama. Alafu omba ilale majini usiku mmoja, asubuhi uende uone maji mangapi yameingia, kidogo ni kawaida, ndoo ishirini si kawaida. Enda na fundi wako mwenye si ndugu ya muuzaji, na mwandikiane mbele ya BMU ya hapo. Usajili, ukaguzi na leseni ya kuendesha ni mambo ya Kenya Maritime Authority, uyamalize kabla ya kutoka kwa sababu askari wa Coast Guard, wenye wameanza 2018, wanasimamisha watu na ni haki yao.

Vitu vya kubeba sitaorodhesha vyote, nitasema vile watu wanakosea. Maji: lita tano kwa mtu kwa siku, na uwe na ya siku nne hata kama safari ni ya siku moja, watu wawili hio ni lita arobaini, jerikeni mbili zimefungwa katikati karibu na mlingoti zisitembee. Laifujaketi ivaliwe, isikaliwe. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16 ndio ya dharura, na simu ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kabisa, kwa sababu karibu na nchi kavu simu inashika sehemu nyingi lakini si zote. Filimbi, tochi, kioo kidogo cha kumulika jua. Sindano na uzi wa tanga. Nanga mbili. Omena kavu kutoka nyumbani, nlibeba kilo sita na zilinifaa kuliko kila kitu, hazitaki friji na ukizikaanga na kitunguu na nyanya kwa jiko la makaa lenye nimelitia ndani ya karai ya mchanga hata watu wa Kipini walikuja kuonja.

Kamba ya nanga nataka niielezee pole pole. Ziwani unapima maji mita tatu, unatoa kamba mita kumi na tano, unalala. Baharini ukitia nanga maji yakiwa yamepwa kwa mita tatu, siku za bamvua, zile maji yanapanda na kushuka sana, yanaweza kupanda karibu mita nne, sasa uko kwa mita saba na kamba yako imekuwa fupi inavuta nanga juu badala ya kuilaza, unaamka uko kwa mwamba. Pima kina, ongeza mpando wa maji, alafu zidisha mara tano. Tatu na nne ni saba, saba mara tano ni thelathini na tano. Na kinyume chake, ukitia nanga maji yakiwa yamejaa jiulize hapa chini kutabaki nini baada ya saa sita, la sivyo utapweleka.

Sasa maji kujaa na kupwa, hapa ndipo nataka uweke akili yote. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, kila moja inachukua saa sita na kitu, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu ndio bamvua, yanapanda sana na kushuka sana, mikondo milangoni inakimbia. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo na mikondo imelegea. Yakianza kupwa hayaendi mbio mara moja, saa ya kwanza ni pole pole, ya tatu na ya nne ndio yanakimbia zaidi, ya mwisho yanatulia tena, kwa hivo ukitaka kupita mahali pembamba pita mwanzo ama mwisho.

Na pwani yetu ina mpango mmoja mzuri wenye ukiuelewa nusu ya hatari inaisha. Siku za bamvua maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa karibu saa nne. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa saa nne tano za asubuhi. Sasa fikiria mwamba. Mwamba unakimbia sambamba na ufuo karibu pwani yote, na wewe unaingia ndani kupitia mlango, penye mto ama hori, ile ghuba nyembamba ya kuingia nchi kavu, imeukata. Kuingia unaelekea magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yako na unaona rangi zote, buluu nzito ni kina, kijani ya kung'aa ni mchanga na maji machache, kahawia ni mwamba ama majani, usiiguse. Mchana likishapita utosini jua liko kwa macho yako na bahari yote inakuwa bati moja linalong'aa. Kwa hivo unataka kuingia mlangoni kabla ya saa sita mchana, maji yakiwa yamejaa ama yanaendelea kujaa, na mkondo ukiwa dhaifu, na siku zenye hivi vitu vitatu vinakutana ni zile za maji mafu. Panga hatua zako ndefu hizo siku. Siku za bamvua kaa bandarini, rekebisha chombo, fua nguo, lala.

Nlijifunza hivi kwa njia mbaya. Karibu na Watamu nlichelewa kutoka kwa sababu ya kuongea na watu ufuoni, nikafika mlangoni saa tisa na nusu, jua machoni, nikasema nimeona wengine wanaingia mimi pia nitaingia, lakini hao wengine wamezaliwa hapo. Usukani uligonga jiwe ukang'oka wote, wimbi likatugeuza ubavu, mwenzangu mwenye tulisafiri naye akashusha tanga na mimi nikashika kasia nyuma kama usukani mpaka tukatoka tena nje. Tulilala nje tukielea kwa injini na zamu mpaka asubuhi. Mama hakupata simu jioni hio. Kosa lilikuwa langu, na lilianza ufuoni asubuhi, mlangoni nlikuwa nalimalizia tu.

Njia yenyewe kwa ufupi. Kutoka Shimoni mpaka Gazi unaweza kujificha nyuma ya visiwa na mwamba, ni pahali pazuri pa kuanzia. Mombasa pita mchana na mbali na mlango wa Kilindini, meli kubwa haiwezi kukuona wala kusimama. Mtwapa na Kilifi ni hori zenye kina na usingizi mzuri, kutoka Mombasa mpaka Kilifi ni kilomita hamsini hivi, ukitoka saa kumi na moja alfajiri na upepo nyuma utaingia kabla ya saa sita. Watamu na Malindi ni hifadhi za bahari tangu 1968, usitupe nanga juu ya matumbawe, tumia maboya na ulipe ada ya KWS, wale wasimamizi wa hifadhi. Ukipita Malindi kuna mto Sabaki unamwaga maji ya tope, pale yale mambo ya kusoma rangi hayafanyi kazi, kaa nje. Alafu Ngomeni, alafu ghuba ya Ungwana yenye ni wazi na ndefu, mpaka Kipini penye Tana inaingia baharini, mlangoni mwa mto mawimbi yanavunjika juu ya mchanga na ndani kuna viboko na mamba, usiingie bila mtu wa hapo. Kutoka Malindi mpaka Lamu ni kama kilomita 140 kwa mstari, igawe siku tatu ama nne. Ukifika Lamu usiendelee kaskazini kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia bila kuuliza polisi na Coast Guard kwanza, sisi tuliishia hapo. Kuingia Lamu asubuhi, ukuta wa nyumba zile za mawe unatoka kwa ukungu, na wewe umekuja na upepo kutoka karibu na mpaka wa Tanzania... hio nakuachia uione mwenyewe.

Mwili. Jua la majini linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwa maji, kwa hivo mikono mirefu, kofia yenye kamba na miwani, hata ukiwa mweusi kama mimi. Kichefuchefu tafuna tangawizi, kaa katikati ya chombo, tazama mstari wa mbali penye bahari inakutana na mbingu. Mtu akitapika sana mpe maji yenye umechanganya, lita moja safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywaji wa pole pole. Kidonda cha matumbawe kioshe na sabuni siku hio hio, usingoje. Ukikanyaga samaki mwenye sumu tia mguu kwa maji ya moto ya kuvumilika, kama nusu saa ama zaidi, joto ndilo linatuliza ile sumu, alafu hospitali.

Haya. Umerudi.

Siku za kwanza sakafu itayumba. Umelala kwa kitanda Nyalenda na kitanda kinapanda na kushuka, ukioga bafuni unashika ukuta. Ubongo wako umezoea wimbi, kwa watu wengi inaisha kwa siku moja mbili tatu, ikizidi wiki kadhaa onana na daktari, na usipande pikipiki hizo siku. Ukipata homa pima malaria kabla ya kununua dawa. Nenda waangalie macho pia, upepo na jua la majini vinaweza kuotesha ile nyama nyeupe kwa kona ya jicho inaelekea kwa mboni, ikishikwa mapema matone na miwani vinasaidia.

Kitu ngumu zaidi ni ile kimya. Kule kila asubuhi kulikuwa na swali moja, upepo unatoka wapi, na ukilijibu vizuri unaishi. Hapa kuna maswali ishirini madogo madogo, kodi, karo, harusi ya binamu, na watu wanakuuliza ulileta nini. Wiki ya pili sikutaka kuongea na mtu, nlikuwa naamka saa kumi alfajiri natoka nje kusikiliza kama bati linapiga. Mke wangu akanivumilia siku kumi alafu akaniambia, "Baba Achieng, umerudi ama bado?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Sasa nawaambia wenye wanaenda: wiki ya kwanza kaa na watoto tu, wiki ya pili tafuta kazi ya mikono hata kama ni ya kusaidia bila malipo, usikae kwa kiti. Na utafute mtu mmoja mwenye amewahi kutoka na maji muwe mnaongea naye, kwa sababu hadithi yako nyumbani itasikizwa mara mbili, ya tatu watu wataangalia simu.

Pesa ndio lile fungu la tatu. Litumie kama mshahara, sehemu sawa kila wiki. Na angalia ile ujuzi umerudi nayo, kwa sababu iko na soko hapa: kalfati, kushona tanga, kufungua injini ya nje na kuisafisha kabureta, mambo ya laifujaketi na usalama. Ziwa lote hili lina mashua zinavuja na mafundi wachache. Mimi nilianza na mashua moja ya mtu wa Usare, nikaiziba, haikuvuja, ikaleta nyingine tatu.

Mashua yako nayo usiiache pwani bila mtu. Jua la kaskazi linafungua mbao ndani ya mwezi mmoja, unarudi unakuta nafasi ya kupitisha kidole. Kama huna mtu wa kuaminika wa kuimwagia maji na kuifunika makuti, iuze pale pale pwani kabla ya kupanda basi. Yangu niliileta kwa lori. Nlijua inawezekana kwa sababu Flipflopi, lile jahazi la plastiki lililojengwa Lamu, lililetwa Kisumu kwa barabara mwaka wa 2021 likazunguka ziwa. Ni ghali, nakwambia ukweli, nlishirikiana na mtu mwenye alikuwa anasafirisha mbao. Ikifika ziwani ijue upya: inakaa chini kidogo kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, wale wadudu wa kutoboa hawaishi hapa, lakini chumvi ilikuwa inazuia mbao isioze na sasa haiko, kwa hivo kila baada ya mvua fua yale maji ya ndani, fungua mbao za sakafuni hewa ipite, na uipake shahamu na chokaa chini mara mbili kwa mwaka.

Iko hapo Dunga, ya rangi ya kijani, usukani ni mpya. Kama unataka kujaribu kushika demani kabla hujaamua chochote njoo Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, upepo ukiwa bado unatoka nchi kavu, na ubebe nguo za kubadilisha.